Ben Kingsley: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha na Kazi Yake

Ben Kingsley ni nani?

Ni mwigizaji wa Uingereza wa jukwaani na wa filamu, aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 1943 katika kijiji cha Snainton, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wengi wanamfahamu kwa filamu ya Gandhi ya mwaka 1982, iliyompatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Vijana wanamkumbuka zaidi kwa filamu za Marvel. Makundi yote mawili, kwa maoni yangu, yanakosa sehemu kubwa ya habari yake, kwa sababu kabla ya Gandhi alikuwa tayari amefanya kazi ya jukwaani kwa takriban miaka 15, na huko ndiko alikojifunza karibu kila kitu tunachokistaajabia kwenye filamu zake. Majibu yaliyo hapa chini yanajaribu kuirudisha sehemu hiyo mahali pake.

Jina lake la kuzaliwa ni lipi, na kwa nini alilibadilisha?

Alizaliwa akaitwa Krishna Bhanji. Alipoanza kutafuta kazi katika miaka ya 1960 aligundua kwamba jina hilo lilikuwa linamfungia milango kabla hata hajasimama mbele ya watu wanaochagua waigizaji. Mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba alibadilisha jina kwa sababu hiyo, na kwamba kazi zilianza kupatikana mara tu alipolibadilisha. Baba yake alikubaliana na uamuzi huo.

Jina jipya halikuokotwa njiani. Kwa maelezo yake, "Ben" lilitokana na jina la utani la baba yake, na "Kingsley" lilitokana na jina la utani la babu yake, aliyeitwa Mfalme wa Karafuu. Kwa hiyo jina lililosikika la Kiingereza kabisa masikioni mwa mawakala wa London lilikuwa limebeba ndani yake baba na babu, na biashara ya viungo ya Zanzibar. Ni jambo la kusikitisha kwamba kijana mwenye kipaji kile alilazimika kujificha ili apewe nafasi ya kusikilizwa. Ni jambo la kusikitisha zaidi unapokumbuka kwamba nafasi iliyomfikisha kileleni miaka mingi baadaye ilikuwa ya mtu wa Gujarat, yaani mtu wa asili ileile aliyoshauriwa na mazingira yake kuificha.

Ana uhusiano gani na Zanzibar na Kenya?

Uhusiano ni wa upande wa baba. Familia ilitoka Gujarat, India, katika jamii ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, ambao wengi wao walivuka Bahari ya Hindi katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kuja kufanya biashara kwenye mwambao wetu. Babu yake alihamia Zanzibar na kuwa mfanyabiashara mkubwa wa viungo. Baba yake, Rahimtulla Harji Bhanji, alizaliwa Kenya, akaishi Zanzibar hadi alipofikia umri wa miaka 14, kisha akapelekwa Uingereza, ambako alisomea udaktari na kubaki huko.

Mara kwa mara mtu husoma habari hizi akakimbilia kumwita Kingsley Mzanzibari. Hilo halina msingi. Hakuzaliwa Zanzibar wala hakukulia huko. Mama yake, Anna Goodman, alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa mwigizaji na mwanamitindo, na malezi yake yote yalikuwa ya Uingereza. Hata hivyo ni sahihi kusema kwamba historia ya familia yake haiwezi kusimuliwa bila Unguja na zao lake la karafuu.

Alikulia wapi, na nini kilimvuta kwenye uigizaji?

Alikulia Pendlebury, karibu na Salford na jiji la Manchester, ambako baba yake alikuwa daktari wa mtaa. Alisoma Manchester Grammar School, shule yenye sifa kubwa ya taaluma, na akaanza kuigiza na vikundi vya watu wasiolipwa mjini humo.

Tukio lililomgeuza lilikuwa safari ya Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa Shakespeare, ambako akiwa kijana wa takriban miaka 20 alimwona Ian Holm akiigiza Richard wa Tatu. Amesimulia kwamba onyesho lile lilimtikisa mwili kiasi cha kukaribia kuzimia. Ian Holm alikuwa mwigizaji mwenye umbo dogo na sauti isiyo ya makelele, ambaye nguvu zake zilitoka ndani, kwenye umakini wa macho na uzito aliolipa kila neno. Mtu akimtazama Kingsley wa miaka ya baadaye, aliye mfupi wa kimo na mtulivu kuliko wote walio chumbani, ni vigumu kutoona kwamba somo lile lilimwingia.

Ni kweli kwamba nusura awe mwanamuziki?

Ni kweli kwamba njia hiyo ilikuwa wazi mbele yake. Katika mwaka wa 1966 alicheza katika tamthilia ya London iliyokuwa na nyimbo ndani yake, na utayarishaji wake ulimhusisha Brian Epstein, meneja wa kundi la Beatles. Kingsley alikuwa akipiga gitaa na kutunga nyimbo, na amesimulia kwamba John Lennon na Ringo Starr walimhimiza aingie kwenye muziki. Mwaka uliofuata alikubaliwa na Royal Shakespeare Company, kampuni kuu ya tamthilia za Shakespeare yenye makao Stratford, na suala la muziki likaishia hapo. Katika kipindi hichohicho alionekana pia kwa muda mfupi kwenye Coronation Street, tamthilia ya televisheni ya Uingereza iliyodumu kuliko zote.

Alifanya nini katika miaka yote iliyotangulia Gandhi?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Alipojiunga na Royal Shakespeare Company mwaka 1967 hakupewa nafasi kubwa. Mfumo wa kampuni ile ulikuwa wa kulea waigizaji kama kundi: mtu aliweza kuwa askari asiye na jina katika tamthilia ya Jumatatu, mtumishi katika ya Jumanne, na kijana mwenye mapenzi katika ya Jumatano, huku akihudhuria mafunzo ya sauti na ya kusoma mashairi ya Shakespeare kwa mapigo yake. Kingsley alipita ngazi hizo zote, na hilo ndilo lililomjenga.

Mwaka 1970 alichaguliwa kuwa Demetrius katika A Midsummer Night's Dream, tamthilia ya Shakespeare iliyoongozwa na Peter Brook, onyesho ambalo mpaka leo wanahistoria wa jukwaa hulitaja miongoni mwa makubwa ya karne ya 20. Brook aliondoa miti na mapambo yote ya msituni, akaweka sanduku kubwa jeupe lililo tupu, waigizaji wakining'inia kwenye bembea kama wanasarakasi. Kwenye jukwaa la namna hiyo mwigizaji hana pa kujificha. Kinachobaki ni mwili wake, sauti yake, na maneno ya mwandishi. Onyesho lilivuka bahari hadi Broadway mwaka 1971, na Kingsley akaonekana New York kwa mara ya kwanza.

Baadaye alifanya kazi National Theatre ya London, ambako mwaka 1977 alikuwa Mosca, mtumishi mjanja katika Volpone ya Ben Jonson, akiwa jukwaani pamoja na Paul Scofield na John Gielgud. Mwaka 1980, akiwa tena Royal Shakespeare Company, alikuwa Squeers, mwalimu katili anayewatesa watoto, katika Nicholas Nickleby, tamthilia iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens na iliyochukua zaidi ya saa 8 kuonyeshwa yote, ikigawanywa sehemu mbili.

Kwa nini Hamlet yake ya mwaka 1975 inatajwa sana?

Inatajwa kwa sababu ya mahali ilipofanyika, namna ilivyofanyika, na msiba ulioiandama. Mahali penyewe palikuwa The Other Place, kibanda cha mabati kule Stratford ambacho kampuni ilikigeuza kuwa ukumbi mdogo mwaka 1974. Watazamaji walikaa kwenye viti vya kawaida umbali wa hatua chache tu, na waigizaji walivaa nguo za siku zile. Mwongozaji alikuwa Buzz Goodbody, mwanamke wa kwanza kuwa mwongozaji katika kampuni ile, mwenye umri wa miaka 28, aliyeamini kwamba Shakespeare angeweza kuonyeshwa kwa gharama ndogo na kwa watu wasiozoea kumbi za kifahari.

Ukumbi ule mdogo ulibadilisha kazi ya mwigizaji. Hamlet anapojiuliza kama aendelee kuishi, mwigizaji wa ukumbi mkubwa hulazimika kulitupa swali hilo hadi safu ya mwisho ghorofani. Kingsley aliweza kuliuliza kwa sauti ya mazungumzo, akimtazama usoni mtu aliyeketi mbele yake. Naamini ni pale alipojifunza uigizaji ambao kamera ingekuja kuupenda. Goodbody alijiua mwezi Aprili 1975, katika siku za maonyesho ya awali, kabla ya kuuona ufanisi wa kazi yake. Waigizaji waliendelea, na onyesho likahesabiwa miongoni mwa Hamlet bora za kizazi kile.

Alipataje nafasi ya Gandhi?

Richard Attenborough, mwongozaji wake, alikuwa ameihangaikia filamu hiyo tangu mwaka 1962, alipopigiwa simu na Motilal Kothari, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi London na aliyetaka maisha ya Mahatma yafanyiwe filamu. Ilipita miaka 20 ya kutafuta fedha, kubadilisha waandishi na kukataliwa. Majina ya waigizaji mashuhuri wa Uingereza, akiwemo Alec Guinness na baadaye John Hurt, yaliwahi kufikiriwa. Aliyemwelekeza Attenborough kwa Kingsley ni mwanawe, Michael, ambaye naye ni mwongozaji wa tamthilia na alikuwa amemwona jukwaani. Wakati huo Kingsley hakuwa na jina kwenye filamu. Kazi pekee ya maana aliyokuwa ameifanya kwenye sinema ilikuwa Fear Is the Key ya mwaka 1972.

Alijiandaa vipi kwa nafasi hiyo?

Alipunguza uzito, akafanya yoga, akajifunza kusokota pamba kwa gurudumu la mkono hadi aweze kufanya hivyo huku akizungumza, na akatazama kwa muda mrefu picha za zamani za Gandhi akitembea. Upigaji picha ulianza Novemba 1980 nchini India na kuendelea hadi Mei 1981. Alikuwa na miaka 37 hivi, na alitakiwa kuonekana kuanzia wakili kijana anayetupwa nje ya treni Afrika Kusini mwaka 1893 hadi mzee wa miaka 78 anayepigwa risasi Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Vipodozi vilisaidia, lakini havielezi yote. Mtazame jinsi mwendo unavyobadilika kadiri filamu inavyosonga. Kijana wa Afrika Kusini hutembea akiwa amebana mabega ndani ya suti, kama mtu anayejali atakavyoonekana. Mzee wa Delhi hutembea kwa hatua za haraka na nyepesi, kichwa kikitangulia, mikono ikiwa imewekwa kwenye mabega ya wasichana wawili. Mabadiliko hayo yametandazwa taratibu ndani ya saa 3 na zaidi kidogo, na hakuna tukio moja ambalo mtazamaji anaweza kulinyooshea kidole na kusema hapa ndipo alipozeeka. Kwa kuwa filamu hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi, mwigizaji alilazimika kujua kila asubuhi Gandhi wa siku hiyo ana umri gani na amekwishapoteza nini.

Filamu ile ilipokelewa bila pingamizi?

La. Nchini India kulikuwa na waliouliza kwa nini Baba wa Taifa asimuliwe na Waingereza, na kwa nini serikali itoe sehemu ya fedha. Mwandishi Salman Rushdie aliandika kwa ukali kwamba filamu ilirahisisha historia na kumfanya Gandhi kuwa mtakatifu. Nchini Pakistan wengi hawakuridhishwa na namna mwasisi wa taifa lao, Jinnah, alivyoonyeshwa. Lawama hizi zina uzito, hasa ile ya kurahisisha siasa za uhuru, na anayetaka kuielewa India ya miaka ile asiishie kwenye filamu hii. Wakosoaji wengi hata hivyo waliigusa filamu zaidi kuliko uigizaji wa Kingsley, uliosifiwa hata na baadhi ya wale walioikataa hadithi yenyewe. Rohini Hattangadi, mwigizaji wa India aliyekuwa Kasturba, mke wa Gandhi, anastahili kutajwa kila Kingsley anapotajwa, kwa sababu ukweli wa ndoa ile kwenye skrini ni kazi ya watu wawili.

Ameshinda tuzo zipi?

Filamu ya Gandhi ilipata tuzo 8 za Oscar, na Kingsley alipewa ya mwigizaji bora mwezi Aprili 1983, akiwashinda Dustin Hoffman, Jack Lemmon, Paul Newman na Peter O'Toole. Alipata pia Golden Globe na tuzo mbili za BAFTA za Uingereza, moja ikiwa ya mwigizaji mpya anayeinukia, ambayo alipewa akiwa na umri wa miaka 39. Baadaye aliteuliwa tena kuwania Oscar mara tatu: kwa Bugsy ya 1991, Sexy Beast ya 2000, na House of Sand and Fog ya 2003. Alishinda Grammy kwa kusoma maneno ya Gandhi kwenye rekodi. India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 1984, na mwanzoni mwa mwaka 2002 alitangazwa kupewa na Malkia Elizabeth wa Pili hadhi inayomruhusu kuitwa Sir.

Je, alibaki kuwa mfungwa wa sura ya Gandhi?

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na kwa miaka kadhaa waandaaji walimwona kama mtu wa upole na hekima tu. Aliyeivunja picha hiyo ni Don Logan wa Sexy Beast, filamu ya mwongozaji Jonathan Glazer. Hadithi ni ndogo: mwizi mstaafu, aliyechezwa na Ray Winstone, anaishi kwa raha Uhispania; Don anatumwa kutoka London kumrudisha kazini na hakubali kuambiwa hapana.

Kinachotisha kwa Don ni kukosa kwake utulivu huku mwili ukiwa umesimama wima kama mti. Hurudia neno moja mara nyingi mfululizo, kila mara akilipiga kwa mdundo tofauti, mpaka aliyeketi mbele yake anapoteza nguvu ya kujibu. Hapo mafunzo ya Stratford yanaonekana waziwazi: mtu aliyefundishwa kuheshimu mapigo ya shairi ndiye anayeweza kuyafanya matusi ya jambazi yawe na mdundo wa kutisha kiasi kile. Onyo kwa wazazi: lugha ya filamu hiyo ni chafu sana na haifai kwa watoto.

Kwa nini amecheza mara nyingi katika filamu zinazohusu mauaji ya Wayahudi?

Mwaka 1989 alikuwa Simon Wiesenthal, mtu aliyenusurika kambini na kutumia maisha yake kuwasaka waliohusika. Mwaka 1993 alikuwa Itzhak Stern, mhasibu Myahudi wa Oskar Schindler, mwenye kiwanda Mjerumani aliyewaokoa Wayahudi, katika Schindler's List ya Steven Spielberg. Mwaka 2001 alikuwa Otto Frank, baba yake Anne Frank, kwenye televisheni. Kisha mwaka 2018 akageukia upande wa pili na kumcheza Adolf Eichmann, mmoja wa wapangaji wakuu wa mauaji hayo, katika Operation Finale. Katika mahojiano amezungumzia kazi hizi kama wajibu wa kutunza kumbukumbu za waliouawa.

Stern ndiye ninayemwona kuwa kazi yake bora kuliko zote, hata kuliko Gandhi. Ni mhasibu anayejua kwamba uso ukionyesha hisia, mtu atakufa. Mwanzoni Schindler humkaribisha kinywaji, naye hakigusi. Kukataa huko ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo. Muda mrefu baadaye, wakati kambi inakaribia kufungwa na wafanyakazi wanatarajiwa kupelekwa Auschwitz, Stern anasema kwamba sasa afadhali anywe. Kingsley hafanyi zaidi ya kuishika glasi na kuruhusu macho yajae machozi. Hakuteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, na mimi nalihesabu hilo kuwa kosa kubwa la wapiga kura wa mwaka ule.

Alifuata nini kwenye filamu za Marvel?

Katika Iron Man 3 ya mwaka 2013 alianza kama Mandarin, gaidi mwenye sauti nzito anayeitishia dunia, kisha ikabainika kwamba gaidi huyo ni mwigizaji mlevi wa Uingereza aitwaye Trevor Slattery, aliyekodiwa kucheza sehemu hiyo. Baadhi ya wapenzi wa vitabu vya katuni walikasirika kwa kuhisi wamepokonywa adui wao. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa akili, kwa sababu ulimpa mtu wa Shakespeare nafasi ya kumcheza kwa huruma mwigizaji wa jukwaani ambaye hakufanikiwa. Trevor alirudi katika Shang-Chi and the Legend of the Ten Rings mwaka 2021.

Alirudi tena jukwaani baada ya umaarufu?

Ndiyo, ingawa si mara nyingi kama wapenzi wa tamthilia walivyotamani. Mwaka 1983 alikuwa peke yake jukwaani Broadway akiigiza maisha ya Edmund Kean, mwigizaji mashuhuri wa karne ya 19. Mwaka 1985 alirudi Royal Shakespeare Company kuwa Othello, David Suchet akiwa Iago. Mwaka 1997 aliigiza Waiting for Godot ya Samuel Beckett katika ukumbi wa Old Vic, London, pamoja na Alan Howard, chini ya uongozi wa Peter Hall.

Ana familia?

Ameoa mara nne na ana watoto wanne. Mke wake wa sasa, Daniela Lavender, ni mwigizaji kutoka Brazil. Walioana mwaka 2007. Wanawe wawili, Edmund na Ferdinand Kingsley, nao ni waigizaji.

Mtu asiyemfahamu aanze na filamu ipi?

Aanze na Gandhi, kwa kuwa bila hiyo mengine hayaeleweki, kisha aitazame Schindler's List wiki hiyohiyo ili aone mtu mmoja akiwa kiongozi wa mamilioni na kisha karani anayejitahidi asionekane. Baada ya hapo House of Sand and Fog, ambamo ni kanali wa Iran aliyepoteza nchi na anayeng'ang'ania nyumba moja Marekani kana kwamba ni heshima yake yote. Shohreh Aghdashloo, aliye mke wake humo, naye aliteuliwa kuwania Oscar. Wanaopenda historia ya elimu ya tiba wamtafute katika The Physician ya mwaka 2013, ambamo ni Ibn Sina, na wanaotazama na watoto wachague Hugo ya Martin Scorsese, ya mwaka 2011, ambamo ni Georges Méliès, mmoja wa waasisi wa sinema ya Ufaransa, aliyesahauliwa na kuishia kuuza vitu vya kuchezea kwenye kituo cha treni mjini Paris.